Bunduki ya kwanza ya nusu-otomatiki: .22, AR-15 kamili, au niunganishe vipande?

MkonoShoto
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri. Mafunzo ya usalama nimemaliza, leseni ninayo, na kasha la chuma limeshafungwa ukutani. Mpaka sasa nalenga shabaha kwa bunduki ya kuazima, ile ya kukoki kwa mkono kila risasi. Sasa nataka yangu, nusu-otomatiki, yaani inayojikoki yenyewe lakini hutoa risasi moja kila ukivuta triga, ya kupigia shabaha za karatasi kati ya mita 25 na 100. Kuwinda simo.

Nimebaki na njia tatu. Ya kwanza ni Ruger 10/22, bunduki ya risasi ndogo za .22. Ya pili ni AR-15, ya risasi kubwa zaidi za 5.56, iliyotoka kiwandani ikiwa kamili. Ya tatu, ambayo ndiyo inayonivuta hasa, ni kununua vipande vya AR-15 kidogo kidogo niunganishe mwenyewe. Spana nimezizoea, na napenda kujua kitu kinavyofanya kazi ndani. Halafu natumia mkono wa kushoto, na kimo changu ni kifupi. Je, hayo yana uzito wowote?

Kaliba556
Mkuu, chukua AR-15 kamili umalize kazi. Eugene Stoner aliibuni kwa namna ambayo sehemu ya juu na ya chini zinaachana kwa kusukuma pini mbili tu, kwa hiyo hata ukiinunua kamili utaijua ndani nje. Kitako cha kusogeza kinamfaa mfupi. Ila soma maandishi kwenye mtutu kabla ya kununua risasi. Risasi ya .223 Remington, inayofanana sana na 5.56, hupigwa salama kwenye chemba (sehemu ya mtutu inapokaa risasi) ya 5.56, lakini 5.56 kwenye chemba iliyochongwa kwa .223 pekee huweza kuzidisha shinikizo. Chemba ya .223 Wylde inapokea zote mbili.

BiShabaha
Mdogo wangu, kazi yangu ni kufundisha wanaoanza, na jibu langu ni .22, tena ikiwa kamili.

Alichosema Kaliba556 kuhusu chemba ni sahihi, kishike. Lakini mwanafunzi hushindwa kwenye jicho na kidole kabla hajafika kwenye kaliba. 5.56 haina teke kubwa, nakubali. Mlio wake ndio mkali, na anayeanza huzoea kuusubiri. Huwa nachomeka risasi bandia ya mazoezi katikati ya magazini bila mwanafunzi kujua iko ya ngapi. Ikifika, bunduki hailii, na hapo kila mtu anaona mdomo wa mtutu ukizama na jicho likifumba. Tabia hiyo ikishaota mizizi, kuing'oa ni kazi ya miezi. Kwa .22 huwa haipati nafasi ya kuota, na kwa kuwa risasi zake ni nafuu kuliko za 5.56, utapiga nyingi zaidi kwa fedha ile ile. Kuna wanaoiita ya watoto, wasikudanganye. Risasi hiyo ndogo husafiri zaidi ya kilomita moja, kwa hiyo kinachosimama nyuma ya shabaha yako kina uzito ule ule.

Kuhusu kuunganisha: naupenda moyo wako wa kutaka kujua, na siku yake itafika. Si kwa bunduki ya kwanza. Nusu-otomatiki zote hugoma siku moja, ganda likabanwa au risasi ikakataa kuingia chemba. Bunduki iliyopimwa kiwandani ikigoma, unaanza kwa kubadilisha magazini, kisha risasi, na mara nyingi umeshapata jibu. Uliyoiunganisha wewe ikigoma, kila kipande ni mtuhumiwa, kuanzia bomba la gesi mpaka springi ya kitakoni. Na nafasi kati ya boliti, kile kipande kinachofunga chemba kwa nyuma, na mtutu lazima ipimwe kwa geji yake. Ikizidi, ganda linaweza kupasuka sentimita chache kutoka shavuni mwako.

Mkono wa kushoto una uzito, tena mkubwa. Bunduki nyingi hutupa maganda kulia, yaani mbele ya uso wako. AR-15 nyingi za siku hizi zina kinundu nyuma ya dirisha la maganda cha kuyarusha mbele, 10/22 haina. Vaa miwani inayofunika pembeni na ufunge kola mpaka juu. Ganda la moto likimwingia mtu shingoni huruka na kujipapasa huku kidole kiko kwenye triga, na mtutu unageukia wenzake. Hilo ndilo ninaloliogopa, kuungua ni kitu kidogo.

Kimo: kunja kiwiko, egemeza kitako ndani ya mkunjo. Kidole kifike kwenye triga bila kujinyoosha. Kisipofika, tafuta kitako kifupi.

Mzee_wa_Kanuni
Kabla ya yote, sheria ya unakoishi. Uingereza, kwa mfano, tangu 1988, ukiacha shotgun, bunduki ndefu za nusu-otomatiki wanazoruhusiwa raia ni za .22 rimfire tu (risasi inayogongwa ukingoni mwa ganda). Kanada ilipiga marufuku AR-15 mwaka 2020. Marekani risiva, yaani fremu ya bunduki, peke yake inahesabiwa kuwa bunduki, na mtutu chini ya inchi 16 unakuingiza kwenye sheria nyingine kabisa. Uliza mamlaka ya leseni, usiulize muuzaji.

MkonoShoto
Asanteni sana. Dada, umenishika. Kuna 10/22 iliyotumika inauzwa, kwa utaratibu wa leseni. Nikague nini?

BiShabaha
Kwanza toa magazini, vuta boliti nyuma, hakikisha chemba ni tupu kwa jicho na kwa kidole. Kisha angalia ukingo wa mdomo wa mtutu kwa lenzi. 10/22 ya kawaida haina tundu nyuma ya risiva, kwa hiyo wengi huingiza fimbo ya kusafishia kwa mbele, na fimbo ya chuma hula ukingo huo upande mmoja. Ukishaliwa, gesi hutoka kwa kuegemea upande, na risasi hutawanyika hata ufunge darubini gani. Wewe safisha kwa kamba ya kuvuta kutoka chemba kwenda mdomoni.

Kagua pia kucha inayovuta ganda, iwe na ncha kali na isilegee. Kisha omba upige magazini chache za risasi za kasi kubwa. Zile za polepole zaidi huenda zisiwe na nguvu ya kurudisha boliti, utailaumu bunduki bure. Muuzaji akikukatalia kuipiga kwanza, mwachie.