Naomba ushauri: unga wa uji na siagi ya karanga Kisumu, nianze na mashine au na vyeti?

NyarKano
Wadau, hamjambo. Niko Kisumu, upande wa Nyamasaria. Kwa muda sasa nimekuwa nikiuza unga wa uji wa wimbi, mtama na muhogo, pamoja na siagi ya karanga isiyo na sukari wala mafuta ya kuongezwa. Wateja wangu ni watu wa kanisani, walimu na akina mama waliojifungua. Wanatuma M-Pesa, wanarudi, wanaleta wenzao. Mkataba wangu wa ofisini unaisha Disemba na sina hamu ya kuusaini tena (mume wangu bado hajakubali, lakini hayo ni ya nyumbani).

Majuzi nilipeleka sampuli kwa supermaketi moja mjini. Meneja akaonja, akasifu, halafu akauliza: alama ya KEBS (shirika la viwango la Kenya) iko wapi? Bakodi? Na hili neno "oganiki" kwenye lebo, limethibitishwa na nani? Karanga nanunua kwa mkulima wa Homa Bay ninayemjua, hatumii mbolea ya dukani. Wimbi nanunua soko la Kibuye. Nina akiba kidogo na kuna mtu ananiuzia mashine ya kusaga karanga. Ninunue, au pesa ziende kwa vyeti?

KijanaWaKondele
Nunua mashine. Cheti hakisagi karanga 😂

Msagaji_Luanda
Wewe Kijana acha mchezo. Dada NyarKano, lile neno "oganiki" litoe kabla ya yote. Mkulima wako wa Homa Bay huenda ni mwaminifu kabisa, lakini wimbi la Kibuye unajua limetoka wapi? Gunia limepita mikono ya madalali, jingine limevuka mpaka pale Busia, na hujui lilihifadhiwa na dawa gani ya wadudu. Na poshomili unayosagia inasaga mahindi ya kila mtu, yenye dawa na yasiyo na dawa.

Kilimo hai, ndiyo hiyo oganiki, kina kanuni zake. Afrika Mashariki tuna viwango vya pamoja tangu 2007, na alama yake ni Kilimohai. Kwa Kenya uliza KOAN, mtandao wa kilimo hai nchini. Kizuri ni kwamba wakulima wadogo wanaweza kuthibitishwa kama kikundi: wanatembeleana mashambani, wanakaguana, wanaweka rekodi, kwa gharama nafuu kuliko kuleta kampuni ya ukaguzi kwa kila shamba. Kwa hiyo mwulize huyo mkulima kama ana majirani wanaolima kama yeye. Kwa sasa andika tu "haina sukari, haina mafuta ya kuongezwa." Hilo ni kweli na hakuna wa kukubishia.

AfisaMstaafu
Binti yangu, nimefanya kazi ya afya ya umma miaka mingi, na ninachokiogopa kwenye biashara yako si lebo, ni sumukuvu, ile sumu inayotolewa na kuvu kwenye nafaka na karanga. Mwaka 2004 mahindi yaliyoota kuvu yaliua zaidi ya watu 120, wengi wao Makueni na Kitui. Wengi walikula mahindi ya shamba lao wenyewe, kwa hiyo "ya asili" haikumkinga mtu. Kuvu haiulizi kama ulitumia mbolea.

Karanga ndizo hatari zaidi kwako. Kuna tabia ya kunyunyizia maganda maji ili yabanduke kwa urahisi, na wengine wanapenda hivyo kwa sababu maji yanaongeza uzito kwenye gorogoro, ule mkebe wa kupimia. Hapo kuvu imepewa nyumba. Kukaanga hakuiondoi sumu yake. Nunua zikiwa na maganda, ubangue mwenyewe zikiwa kavu, kisha zimwage mezani penye mwanga na utoe kila iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au iliyotobolewa. Zile mbovu usimuuzie mtu wala usimpe kuku. Kisha peleka sampuli maabara. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo.

Kwa nafaka, chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia nafaka na chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, nafaka bado ni mbichi, irudishe juani, juu ya turubai na si kando ya lami. Ikishakauka ihifadhi kwenye yale magunia yasiyopitisha hewa, wadudu watakufa bila dawa.

Muhogo je, unaununua tayari umekatwa na kukaushwa?

NyarKano
Asante mzee. Ndiyo, naununua makopa kutoka Busia. Sijawahi kuuliza ni muhogo wa aina gani.

AfisaMstaafu
Uliza. Ule mchungu una sumu ya sayanaidi, na usipolowekwa au kuvundikwa vizuri kabla ya kukaushwa inabaki. Kiwango cha juu cha sumu hiyo kwenye unga wa muhogo ni miligramu 10 kwa kilo, nacho hupimwa. Unawapa uji watoto na akina mama waliojifungua, usibahatishe. Kama muuzaji hawezi kukueleza alivyouandaa, toa muhogo kwenye mchanganyiko mpaka upate anayeweza.

MamaUji_Nakuru
Mambo ya afya mzee amemaliza, mimi niseme ya pesa. Mwenzangu, supermaketi usiikimbilie. Ile niliyoanza nayo mimi ilikuwa ikilipa baada ya siku 90, tena mfuko uliotoboka rafuni wanakurudishia wewe. Wakati huo mkulima anataka pesa yake siku ya kupima. Bora maduka madogo, shule za chekechea na wateja wako wa M-Pesa, huku ukishughulikia KEBS. Watakuja kukagua unaposagia na kuchukua sampuli, kwa hiyo jikoni kwako hapatakufaa. Leseni ya kaunti na cheti cha afya cha kila anayeshika chakula vianze mapema. Hicho cha afya hufanywa upya kila miezi sita.

Kuhusu mashine, KIRDI, taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda, wana kituo hapo hapo Kisumu. Waulize juu ya kutumia mashine zao kwa malipo kabla hujanunua yako.

Jambo lingine dogo: siagi yako mafuta yatapanda juu, maana hujaweka kitu cha kuyashika. Mteja mpya atadhani imeharibika. Andika "koroga kabla ya kula" kwa herufi kubwa. Unga wa nafaka nzima nao huchacha mapema, saga kidogo kidogo na uweke tarehe.

NyarKano
Lebo nimezitoa leo. Kwa mkulima nitaenda kabla hajavuna, nione anavyobangua. Mwenye mashine anataka nitoe nusu ya bei ndio anishikie.

Msagaji_Luanda
Usitume kitu. Mwambie aiwashe ukiwepo, isage karanga ulizokuja nazo, kisha afungue uone meno ya ndani. Yakiwa chuma cha kawaida kilicholika, vumbi lake litaingia kwenye siagi. Ukiona vipi rudi hapa utuambie, na utaje bei aliyokupa.

KijanaWaKondele
Mimi niko karibu na hapo, nina pikipiki. Nitakusindikiza, malipo yangu chupa moja ya siagi.