Bangili za VIP: tuliolipa tiketi kamili tumesimamishwa juani siku ya Idi, wengine wapitishwa mlango wa pembeni

Wanajukwaa, salaam. Nilingoja hasira zipoe ndio niandike. Hazijapoa, kwa hivyo naandika nazo.

Kuna bustani ya michezo iliyofunguliwa hapa Mombasa kwa msimu wa Idi. Jina naliweka kando kwa sasa kwa sababu nimeshawapelekea barua na nataka wajibu kwanza. Waliokwenda wanaijua. Dirishani unalipa shilingi 1,000 mtu mzima na 800 mtoto, na bango la bei limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba tiketi hiyo ni ya michezo yote, siku nzima. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ukishaingia utakuta bangili ya kijani ya kupita bila foleni, shilingi 1,500 nyengine kwa kila kichwa, na kwamba asiye nayo atasimama mpaka miguu ivimbe.

Mimi si mtu wa kutoka na watoto bila mpango. Nilikuwa na wanangu wawili, mtoto wa dadangu, na mamangu ambaye goti lamsumbua, hutembea na mkongojo. Usiku wake tulikaa tukapanga. Watu wanaokwenda bustani kubwa za nje wana mbinu zao za kukwepa foleni, na nilizisoma vizuri. Fika kabla geti halijafunguliwa, maana saa ya kwanza ndiyo yenye foleni fupi kuliko saa zote mpaka jioni. Anza na mchezo unaopendwa zaidi, na uuache ule ulio karibu na geti kwa sababu kila anayeingia huuvamia huo. Kula mapema, ili wakati wengine wamejazana kwenye viazi karai na mishkaki wewe uko kwenye mchezo. Magari ya kugongana yaache mpaka baada ya alasiri. Hizi ni mbinu za halali, hazimnyang'anyi mtu kitu. Aliyedamka anatangulia aliyelala, na kila mtu anaweza kudamka, awe na pesa au hana.

Tukafika geti bado limefungwa, mbele yetu familia chache tu. Saa ya kufungua ikapita. Hakuna aliyekuja kutuambia lolote, na huku tunasikia muziki ndani na tunaiona ile meli kubwa ya kubembea ikipanda na kushuka juu ya mabati. Mwanangu ndiye aliyeuliza mbona kuna watu tayari. Kumbe kuna mlango wa pembeni, upande wa maegesho, na wenye bangili walikuwa wameingizwa kitambo. Sisi tulipofunguliwa, kwenye meli kulikuwa na foleni, na waliokuwemo hawakuwa watu waliofika kabla yetu.

Sasa nieleze inavyokwenda pale kwenye meli, kwa sababu msimamizi niliyezungumza naye anadai "foleni zilikwenda sawasawa". Kuna njia mbili zinazokutana mbele ya ngazi, na kijana wa zamu ameshika mnyororo. Meli ikisimama, anafungua kwanza upande wa bangili, wanaingia wote waliopo, wawe wawili au ishirini. Halafu anahesabu viti vilivyobaki, anatuinulia vidole vinne, na watu wanne wa upande wetu wanapita. Mbele yangu kulikuwa na familia ya watu watano, wakakataa kumwacha mtoto peke yake chini, basi vile viti vinne vikaenda vitupu! Meli imepanda na viti vitupu na watu wamesimama. Kizuizi ni cha vyuma, vimepigwa na jua la Machi hata mtoto hawezi kuviegemea. Juu yetu hakuna turubai. Upande wa bangili turubai lipo.

Na humo humo kwenye foleni yetu anapita mwengine na simu mkononi na namba ya kulipia imening'inia shingoni, anawauzia bangili waliochoka. "Mama, utakaa hapa mpaka magharibi, lipa hapa upite sasa hivi." Ananiambia mimi hivyo mbele ya watoto, ili watoto ndio waniombe. Kila anayenunua anahamia upande wa pili na kupanda kabla yetu, foleni yetu inazidi kuganda, na muuzaji anapata wateja zaidi. Foleni ndefu ndiyo biashara yenyewe. Wakiifupisha watamuuzia nani?

Hesabu ni nyepesi, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuipiga. Meli ina viti 30. Kupanda, kubembea na kushuka ni kama dakika 5 kijana akiwa mwepesi. Kwa saa moja ni safari 12, watu 360, hata ufanye nini. Ukiwa na watu 180 mbele yako ni nusu saa, unavumilia. Sasa kila safari waingie kwanza watu 20 wa bangili. Kwenu zimebaki nafasi 10, yaani watu 120 kwa saa. Wale wale 180 walio mbele yako sasa ni saa moja na nusu. Bangili haijaongeza kiti hata kimoja. Muda aliouokoa mwenye bangili umetoka kwenye miguu ya wanangu, na pesa yake imekwenda kwa mwenye bustani. Sisi tuliotolewa muda hatukurudishiwa hata shilingi.

Kuna watakaosema dunia nzima iko hivyo. Haiko hivyo. Disney, wenye zile bustani kubwa za michezo Marekani, walipoanzisha pasi ya foleni iitwayo FastPass mwaka 1999 ilikuwa bure kwa kila mwenye tiketi ya kuingilia: unachukua karatasi yenye saa yako, unakwenda kufanya mengine, ukirudi saa hiyo unapita. Mwaka 2021 wakaleta ya kulipia, Genie+, ikaanza kwa dola 15 kwa siku kule Florida, na watu walilalamika kweli kweli. Mwaka 2024 wakaibadilisha jina ikawa Lightning Lane Multi Pass, na mwaka huo huo wakaleta na ya juu zaidi, Premier Pass, ambayo siku za msimu ilifika dola 449 kwa mtu mmoja. Mimi siisifu hiyo bei, kwangu ni dhuluma tupu kumwambia mzazi alipe hivyo. Lakini hata hao wenye uchu wa pesa huuza pasi hiyo kwa idadi maalumu, na mtu anajua kabla hajalipia tiketi ya kuingilia kwamba pasi hiyo ipo na inalipiwa. Wanajua ukiuza bila kikomo, njia ya haraka inageuka foleni nyengine. Ndivyo ilivyokuwa hapa. Ikifika alasiri, wenye bangili nao walikuwa wamejipanga hadi kwenye kibanda cha barafu, wanagombana na kijana wa mnyororo, na kwa upande wangu nao wana haki ya kulalamika maana wameuziwa kitu ambacho hakipo. Tokyo nako Disney ina pasi ya kulipia, ila mwaka 2023 wakaongeza na ya bure pembeni yake, kwa asiyetaka au asiyeweza kulipa. Kwa hivyo yawezekana.

Na yapo mambo yasiyogharimu hata senti. Vile viti vilivyokwenda vitupu, bustani kubwa wana njia ya watu walio peke yao: anayekubali kukaa mbali na wenzake anajazia kiti kimoja kilichobaki, na foleni yote inapungua. Mama aliyekuwa mbele yetu na mtoto mchanga kifuani aliomba mumewe apande na binti yao mkubwa, kisha wabadilishane mtoto naye apande. Akajibiwa arudi mwisho wa foleni aanze upya. Huko kwa wenzetu hilo lina utaratibu wake unaojulikana, mzazi wa pili hapangi foleni upya. Hapa yule mama aliondoka bila kupanda chochote, na tiketi ameilipia sawa na mumewe.

Kipimo cha urefu nacho wamekiweka wapi? Juu ya ngazi, mwisho kabisa! Mtoto wa dadangu amesimama foleni nzima, amefika, kijana anamsimamisha kwenye mti uliochorwa mstari wa sentimita 120, anamwambia hajafika, shuka. Alilia mbele ya watu wote. Mti ule ungesimikwa mwanzo wa foleni tungejua kabla ya kuanza kungoja, na nafasi yake ingechukuliwa na mwengine. Nilimwambia msimamizi, akasema atalifikisha kwa wakubwa.

Lililonikera kuliko yote ni la mamangu. Hakutaka kupanda meli, alitaka gurudumu kubwa tu, aione bahari kutoka juu pamoja na wajukuu. Nikamuomba kijana wa gurudumu ampatie kiti angoje akiwa amekaa, zamu yetu ikifika aje, na sisi tungebaki kwenye foleni kama watu wengine. Sikuomba tuwapite watu. Jibu: "Wazee wanashauriwa wanunue bangili." Mzee wa mkongojo anauziwa haki ya kukaa kwa shilingi 1,500. Likoni pale, na shida zote za feri, ambulensi ikija watu wanasogea na hakuna anayeiuliza imelipa ngapi. Mombasa hatukuzoea kumlipisha mgonjwa njia.

Na wasiniambie kwamba wakiruhusu wagonjwa watu watadanganya. Mwaka 2013 kulitoka habari Marekani za matajiri waliokuwa wakikodi watu wenye ulemavu ili wapite nao mbele kwenye bustani za Disney. Disney hawakuwafungia wagonjwa mlango. Oktoba mwaka huo huo walibadilisha utaratibu, asiyeweza kusimama akawa anapewa saa ya kurudi inayolingana na urefu wa foleni ilivyo, akangoje kivulini. Hamruki mtu, na faida ya kudanganya inapungua. Karatasi na kalamu zatosha kufanya hivyo hapa kwetu.

Katiba yetu, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidi kikamilifu kile anacholipia. Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa njia inayomfaa. Tiketi imeandikwa "michezo yote, siku nzima", sisi tumepanda miwili siku nzima. Kama wangeniambia dirishani kwamba viti vingi vimetengewa bangili, ningeamua mwenyewe kulipa, kurudi siku ya kawaida, au kuwapeleka watoto Mama Ngina, pale ufukweni, wakale mihogo na madafu kwa amani. Nilinyimwa nafasi ya kuamua.

Barua niliyowapelekea inataka haya: bei ya bangili iandikwe dirishani pamoja na bei ya tiketi. Kila safari ya mchezo watenge viti vya bangili vichache vinavyojulikana, na viti vilivyobaki viwe vya foleni hata kama wenye bangili wamejaa hadi geti. Muuzaji atolewe ndani ya foleni. Turubai, maji, na kiti kwa wazee na wajawazito. Kipimo cha urefu kiwekwe mwanzo. Na geti lifunguliwe kwa wote saa iliyotangazwa, lisifunguliwe kwa wengine kabla. Wasipojibu, nalipeleka Mamlaka ya Ushindani, ambao hupokea malalamiko ya watumiaji waliopotoshwa, na hapo jina nitalitaja hapa hapa.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Anayesema "ungenunua tu bangili uache kelele": tulikuwa watu watano, hiyo ni shilingi 7,500 juu ya tiketi. Na hata ningekuwa nazo, ningekuwa nimewasukuma nyuma wale niliosimama nao tangu asubuhi. Anayesema ni biashara yao wafanye watakavyo: wauze, sijakataa, lakini wasiuze kiti kimoja mara mbili. Kile kiti nilishakinunua dirishani.

Ndugu aliyeandika kwamba alifanya kazi kwenye bustani kama hii na kwamba vijana wa mnyororo huamriwa wasiache mwenye bangili asubiri hata safari moja, ahsante. Ndivyo nilivyodhani. Kijana wa zamu simlaumu, naye alikuwa juani kama sisi na ametukanwa siku nzima kwa amri ambayo si yake. Tafadhali msimtukane huku.

Waliokuwepo Idi Pili: mwenye picha ya lile bango la bei pale dirishani aiweke hapa chini, iwe yaonekana vizuri kwamba bangili haikutajwa. Na mliobakisha vikaratasi vya tiketi msivitupe, vina saa ya kuingia nyuma yake.