Mrejesho: kadi ya mtandao iliyokuwa ikizimika wakati wa kuhamisha mafaili makubwa

Ndugu wataalamu, niliuliza kuhusu kompyuta ya kuhifadhia video katika studio yetu, Ngamiani, Tanga, ambayo ilikuwa ikipoteza mtandao kila tulipohamisha mafaili makubwa, ilhali kazi ndogondogo zilikwenda vizuri, na mawasiliano hayakurudi mpaka iwashwe upya.

Waliojibu kwamba huenda tatizo ni kebo walikuwa na hoja, kwani chumvi ya bahari hapa kwetu hula vichwa vya kebo bila huruma. Nilibadilisha, tatizo likabaki vilevile. Kilichofungua njia ni ushauri wa kusoma kumbukumbu za karneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux mara baada ya mtandao kukatika, ambako nilikuta ujumbe wa NETDEV WATCHDOG (mlinzi wa karneli anayefuatilia kadi ya mtandao) unaoeleza kwamba foleni ya kutuma imepitiliza muda wake. Kwa amri ya ethtool, inayobadilisha mipangilio ya kadi ya mtandao, nilizuia kadi isikatekate data yenyewe kuwa pakiti, kazi hiyo ikarudi kwa prosesa. Kukatika kukapungua, lakini hakukuisha. Ndipo nilipozima utaratibu wa kuokoa umeme wa PCI Express (njia inayounganisha kadi na ubao mkuu) kwa kuongeza pcie_aspm=off katika mipangilio ya kuwashia, na baada ya hapo iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, ilisukuma data usiku kucha, karibu na kikomo cha gigabiti 1 kwa sekunde, bila kadi kuzimika. Niliporuhusu tena kadi ikatekate data kuwa pakiti, hali ilibaki shwari, hivyo nimeiacha iendelee hivyo.

Umeme kidogo unaoongezeka, kwa mashine isiyotumia betri, sioni kama ni hasara. Kadi mpya niliyoshauriwa sitainunua kwa sasa.