Muhimbili na Mloganzila: gharama ya kufundisha madaktari ailipe nani?

Ndugu zangu, naitaja hoja yangu mapema ili atakayepinga ajue anapinga nini. Serikali itenge kwenye bajeti fungu la kufundishia kwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, kwa matawi yake yote mawili, Upanga na Mloganzila. Fungu hilo lisimame peke yake, lisomwe bungeni kwa jina lake, na lisichanganywe na makusanyo yanayotoka kwa wagonjwa. Wapo wanaosema hospitali kubwa namna ile ijiendeshe yenyewe. Wapo wanaosema dawa ni kuirudisha Mloganzila mikononi mwa chuo cha tiba. Nitawajibu wote wawili.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Mwaka 1976 hospitali na kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam viliunganishwa vikawa taasisi moja. Mwaka 2000 Bunge likavitenganisha: upande mmoja Hospitali ya Taifa, upande wa pili chuo, ambacho 2007 kikawa chuo kikuu kamili, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS). Tangu hapo mwalimu ana mwajiri wake chini ya Wizara ya Elimu, na wodi anayofundishia iko chini ya Wizara ya Afya. Chuo kikahangaikia hospitali yake, ndipo ikaja Mloganzila kule Kibamba, hospitali ya vitanda zaidi ya 500 iliyojengwa kwa mkopo wa Korea Kusini pamoja na fedha za Serikali yetu. Rais Magufuli aliifungua Novemba 2017. Mwaka haukutimia: Oktoba 2018 ikaondolewa chuoni na kuwekwa chini ya Muhimbili, baada ya manung'uniko mengi ya wananchi kuhusu huduma.

Uongozi ulibadilika. Swali la nani analipia mafunzo halikuguswa, na mpaka leo halijaguswa.

Anayedhani mafunzo hayana gharama aende asubuhi akaangalie raundi kwenye wodi yoyote ya kufundishia. Kitanda kimoja kinazungukwa na daktari bingwa, madaktari wanaosomea ubingwa, madaktari tarajali na wanafunzi wa mwaka wa tano. Tumbo ambalo bingwa angelishika mara moja linashikwa na watu watano, na kila mmoja amevaa glavu zake. Mwanafunzi anaulizwa, anakosea, anaelekezwa, anarudia. Ukija chumba cha upasuaji, anayejifunza ndiye anayeshona huku bingwa akimsimamia, kwa hiyo saa zinaongezeka, na saa zikiongezeka dawa ya usingizi inaongezeka, oksijeni inaongezeka, nyuzi zinaongezeka. Hivyo ndivyo daktari anavyopatikana, hakuna njia nyingine, na sitaki kipunguzwe hata kimoja. Lakini vyote hivyo ni fedha. Serikali inalipa mishahara ya watumishi na inatoa fedha za miradi. Glavu, gozi na dawa za kila siku, kwa sehemu kubwa, zinanunuliwa kwa makusanyo, na makusanyo ni bili ya mgonjwa au ya bima yake.

Kwa maneno mengine, mama aliyetoka Kilosa kwa rufaa, ambaye wanawe wamechangishana kwa simu, anachangia elimu ya daktari ambaye kesho atatibu nchi nzima. Hilo mimi naliona ni dhuluma.

Mzigo wa pili ni msamaha. Tangu uchangiaji wa gharama uanze mwaka 1993, sera imekuwa kwamba watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wasio na uwezo na wenye baadhi ya magonjwa sugu wasitozwe. Sera nzuri kabisa. Niliwahi kukaa kwenye korido ya hospitali moja ya rufaa nikimsubiri shangazi yangu, karibu na ofisi ya ustawi wa jamii. Watu walikuwa wanaingia na barua za mtendaji, dada wa ofisini anasoma, anauliza maswali mawili matatu, anaandika. Alikuwa na huruma yule dada, Mungu ambariki. Lakini sahihi yake haikuwa na fedha nyuma yake. Dawa zilishatumika, vipimo vilishafanyika, na hakuna aliyekuja kuilipa hospitali pengo lile. Katika kampeni za 2025 Rais Samia aliahidi kupiga marufuku hospitali kuzuia maiti kwa ajili ya deni. Naiunga mkono ahadi hiyo kwa moyo wote, maana kuzuia maiti ni kuwaongezea wafiwa msiba juu ya msiba. Ila deni la marehemu halifutiki kwa kumkabidhi kwa ndugu zake. Linabaki hospitalini, na litalipwa na mgonjwa anayefuata kama Hazina haitalichukua.

Sasa wanaosema ijiendeshe. Hoja yao ina uzito, tusiibeze. Mwaka 2017 Muhimbili ilianza kupandikiza figo na kuweka vifaa vya kusaidia kusikia, huduma ambazo zamani zilimaanisha safari ya India. Wanasema menejimenti inayojua kukusanya na kutumia fedha zake haikai kusubiri Hazina, na ukiizoesha ruzuku utaua bidii hiyo. Basi makusanyo yabaki, sijasema yaondolewe. Ninachokihofia ni kinachofuata. Hospitali inayotakiwa kujaza kapu lake itatafuta mteja mwenye fedha. Miaka ya karibuni Mloganzila imetangaza sana huduma za kupunguza uzito kwa puto linalowekwa tumboni na upasuaji wa kurekebisha maumbile. Unene ni ugonjwa, na wanaohitaji huduma hizo watibiwe. Lakini mwanafunzi anajifunza kwa mgonjwa aliye mbele yake. Huyu kesho atapangiwa wilaya za mbali kama Kibondo au Nkasi, na huko atakutana na kifafa cha mimba saa nane usiku, mtoto mwenye sikoseli, malaria iliyopanda kichwani. Hao ndio wanaopaswa kujaa kwenye wodi za kufundishia, na wengi wao ndio hawana fedha.

Wanaotaka Mloganzila irudi MUHAS nawaelewa, maana mwalimu kufundisha kwenye wodi asiyo na sauti nayo ni taabu. Kenya nao wana mvutano wa aina hii: hospitali ya rufaa iliyojengwa kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ilifanywa shirika linalojitegemea mwaka 2019, na chuo kikaendelea kuidai. Lakini nawauliza: chuo kikikabidhiwa majengo bila fedha za kuyaendesha, kitanunua dawa Bohari ya Dawa ya Serikali kwa kitu gani? Kitaongeza ada, au kitaongeza bili. Tutakuwa tumebadilisha kibao cha getini tu.

Kuna wa tatu wanaosema tusubiri Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, kila kitu kitanyooka. Bima itamwokoa mgonjwa, na nina hamu nayo kuliko wengi. Ila bima inalipa huduma kwa kitita, yaani orodha ya huduma na bei zilizopangwa, na mwaka 2024 tuliona jinsi bei hizo zilivyozua mgogoro kati ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) na hospitali binafsi. Hakuna mfuko wa bima utakaokubali kulipia saa ya ziada aliyotumia mwanafunzi kushona.

Najua swali litakaloulizwa: fedha zitoke wapi, wakati lengo ambalo nchi za Afrika zilijiwekea Abuja mwaka 2001, la kuipa afya asilimia 15 ya bajeti, limetushinda? Jibu langu ni kwamba fedha hizi tayari zinatoka. Zinatoka kwa aliyeuza shamba ili alipie rufaa. Ninachoomba ni zitoke kwenye kodi ya wote, kwa hesabu rahisi: idadi ya wanafunzi walioko wodini, kiasi kinachokubaliwa kwa kila mmoja, fedha ziende hospitalini kila robo mwaka, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) akague kama anavyokagua mengine. Na pengo la msamaha lirejeshwe kwa utaratibu huohuo.

Mliomo ndani ya hospitali, wahasibu na wauguzi wa wodi hasa, leteni uzoefu wenu hapa. Na wewe unayesema Muhimbili ijiendeshe, niambie: glavu anazovaa mwanafunzi wa mwaka wa tano leo asubuhi zimenunuliwa na nani, na kwa nini awe huyo?