Naomba ushauri: niongeze sabufa (spika ya besi) au niache?

Habarini wakuu. Nipo Tanga, Makorora, nyumba ya kupanga. Sebule yangu ni futi 12 kwa 10, sakafu ya saruji. Nina amplifaya ya chaneli mbili na spika mbili za inchi 5. Kwenye karatasi ya spika wameandika zinaanzia hezi 60 (hezi ni mitetemo kwa sekunde; ikiwa chache, sauti ni nzito).

Taarabu ya zamani inatoka safi, hata mpiga udi unamsikia akikwaruza nyuzi. Shida ni dansi. Nikiweka bendi ya Atomic Jazz (wa kwetu Tanga hao), gitaa la besi likishuka chini linapotea. Uzi wake mnene unapiga kama hezi 41, huko spika zangu hazifiki.

Nimejaribu kuzisogeza kwenye kona. Besi iliongezeka kweli, lakini ya kuvuma, kama mtu anaongea ndani ya pipa. Nikazirudisha. Nikipandisha besi kwenye amplifaya ndiyo kabisa, koni za spika zinagonga.

Fundi mmoja Ngamiani ananisukumia sabufa ya inchi 10. Naogopa: jirani tumetenganishwa na ukuta tu, na ana mtoto mchanga. Halafu amplifaya yangu haina tundu la sabufa, ina matundu ya waya za spika tu.

Kwa sebule hii, sabufa ya inchi 8 inatosha au bora niuze hizi nichukue spika kubwa zaidi? Na nikiinunua, niikate kwenye hezi ngapi (yaani iishie kupiga wapi) isigombane na spika?

Natanguliza shukrani.