Vitabu vya hadithi kwa mwaka wa 3, Kiswahili na Kifaransa (Lubumbashi)

Mwalimu_Katuba
Jambo kwenu ba mwalimu na ba mzazi. Natafuta vitabu vya hadithi kwa kalasi ya mwaka wa 3, hapa Katuba. Watoto ni 62. Wengine wanasoma sentensi nzima bila shida, wengine bado wanapambana na silabi, na wako wale wanaokariri tu ukurasa walioukwisha kuusikia. Vitabu vya somo tunavyo kiasi, ila hakuna cha kusoma kwa kupenda. Nataka kuanza na Kiswahili, kisha Kifaransa, maana mtihani wa taifa wa kumaliza masomo ya msingi (ENAFEP, zamani TENAFEP) hautawangoja. Feza ni kidogo. Nitajuaje kitabu kinamfaa mtoto gani? Na mbona vile vya Tanzania, pamoja na picha zake nzuri, vinawakwamisha tangu ukurasa wa kwanza?

Mama_wa_Maktaba
Ba mwalimu, umri ulioandikwa kwenye jalada usiufuate. Mwite mtoto mmoja mmoja, asome maneno kama 100 kwa sauti (kitabu kikiwa kifupi, unganisha kurasa kadhaa), nawe uweke kistari kila anapokosa. Akijisahihisha mwenyewe, usihesabu. Vistari 5 au chini yake: kitabu hicho ni chake, asome peke yake. Kati ya 6 na 10: asome katika kikundi, wewe ukiwa karibu. Zaidi ya 10: kisomee darasa wewe mwenyewe, usimpe. Mtoto anayekosa neno moja katika kila tisa hashiki tena hadithi, anavua maneno tu.

Wanaokariri utawashika upesi. Funika picha kwa karatasi, onyesha sentensi ya katikati ya ukurasa, usianzie ya kwanza. Au andika maneno yale yale ubaoni kwa mpango mwingine: badala ya « Mbwa anamfuata paka », andika « Paka anamfuata mbwa ». Aliyekariri atarudia ile ya kwanza huku anatazama dirishani.

Sasa hivyo vya Tanzania. Shida kubwa ni ile M ya mwanzo. Mtoto wetu anasema mutoto, muti, mulango. Akikuta « mtoto », « mti », « mlango », anatafuta U haioni, anasimama. Kabla ya kugawa kitabu, toa humo maneno kama kumi yanayoanza hivyo, yaandike ubaoni, watoto wapige makofi: m-to-to, matatu. Fanya hivyo siku tatu nne mfululizo na watazoea. Anayesoma « mutoto » penye « mtoto » usimwekee kistari, ameelewa alichosoma. Baada ya hapo kuna dh, th na gh, kwa kuwa nyumbani anasikia zahabu na salasini. Kwa mwaka wa 2 chagua vitabu visivyo nazo kabisa. Maneno ya vyakula na vitu vya nyumbani si kikwazo kikubwa: andika kwa penseli ndani ya jalada « ugali = bukari » na mengine manne matano ya namna hiyo, basi.

Kwa kuwa feza ni kidogo, anza na African Storybook, mradi wa mtandaoni ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini. Hadithi ni za bure, za Kiswahili ni nyingi, na nyingine ziko pia kwa Kifaransa na picha zile zile, jambo litakalokusaidia baadaye. Viwango ni vitano na vinapimwa kwa maneno ya ukurasa: cha 1 hakizidi maneno 11, cha 2 kinafika 25, cha 3 kinafika 50, cha 4 kinafika 75, na cha 5 ni cha mwalimu kuwasomea watoto. Kalasi yako ichukue hasa cha 2, na kidogo cha 1 na cha 3. StoryWeaver ya Pratham Books ya India nayo ni ya bure, lakini viwango vyake ni vinne na vinapima kitabu kizima: cha 1 kinafika maneno 250, cha 2 kinafika 600. Kwa hiyo « kiwango cha 2 » cha huku si sawa na cha kule. Wengi wanachanganya hapo, wanachapa kitabu kizito na kulaumu watoto.

Ukipata feza ya kununua, vile vitabu vyembamba vilivyotoka chini ya Mradi wa Vitabu vya Watoto wa Tanzania (ulianza 1991) ni vizuri kwa mwaka wa 4 na wa 5. Fungua ukurasa wa katikati kabla ya kulipa. Ukurasa wa kwanza mara nyingi ni mwepesi kuliko nyingine zote.

Papa_Fotokopi
Nijibu upande wa kuchapa.

Kitabu cha kurasa 16 za A5 kinachukua karatasi 4 za A4, pande zote mbili. Hesabu ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Zikiwa 14, ongeza mbili nyeupe mwishoni, la sivyo mashine itaziacha mahali pasipofaa. Kwenye kompyuta chagua « livret » (kijitabu), kisha kugeuza karatasi kwa upande mfupi. Ukichagua upande mrefu, nusu ya kurasa zitakuwa kichwa chini. Chapa kimoja kwanza, kunja, fungua ukurasa kwa ukurasa, ndipo uagize vingine.

Picha za rangi zikipita fotokopi ya nyeusi, nyuso za watu zinakuwa doa. Chagua hadithi zilizochorwa kwa mistari, au punguza weusi kwenye mashine. Wino wa maji usiukubali, mvua za Desemba zitaufuta, omba leza. Karatasi za ndani gramu 80, jalada gramu 160 hadi 200.

Agrafezi ya kawaida haifiki katikati ya A4. Shona: tundu moja katikati ya mkunjo, mengine mawili sentimita 5 juu na chini yake. Uzi wa nailoni wa fundi viatu. Anza kwa tundu la katikati, fundo libaki ndani. Uzi unakaa kuliko chuma, na hauna kutu.

Ruhusa: soma ukurasa wa mwisho. Penye CC BY (ruhusa ya wazi ya Creative Commons) unaweza kuchapa na hata kubadilisha maneno, ukiacha jina la mwandishi, la mchoraji na la ruhusa yenyewe, na kusema umebadilisha nini. Pakiwa na NC, usiuze.

Mwaka_wa_6
Kuhusu Kifaransa sikubaliani na kungoja mno. Tangu masomo ya msingi yawe ya bure mwaka 2019 kalasi zimejaa, na mtoto anayegusa kitabu cha Kifaransa mara ya kwanza mwaka wa 5 hafiki. Lakini tujue kinachomwangusha. Amezoea kwamba kila herufi inasomwa. Akikuta « lune » anasoma lu-ne. « Chat » anaisoma na CH ya chakula pamoja na T. « Ils parlent » anamaliza na ent yote. Kwa hiyo mwanzo mpe hadithi ambayo ameishaisoma kwa Kiswahili, sasa kwa Kifaransa, sentensi moja kwa ukurasa, tena inayorudiarudia maneno yale yale. Maana anayo tayari, kilichobaki ni sauti.

Kwa mwaka wa 5 na wa 6 kuna vitabu vya Dominique Mwankumi, mchoraji wa kwetu Kongo, vilivyotolewa na L'École des loisirs. *Prince de la rue*, kuhusu watoto wa barabara wa Kinshasa, kinafaa kusomwa kwa sauti kisha kujadiliwa. Ruisseaux d'Afrique ya Cotonou nayo inatoa albamu ambazo mazingira yake hayamtishi mtoto wa Kiafrika. Kabla ya kununua kitu ghali, pitia Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni cha Kifaransa hapa mjini, uvitazame kwanza.

Bande dessinée, hadithi za michoro? Watoto wanazipenda (wazee wa kampuni ya madini Gécamines wanakumbuka gazeti la Mwana Shaba Junior), ila maneno yake mara nyingi ni herufi kubwa tupu. Mtoto wa mwaka wa 2 aliyezoea herufi ndogo za kuunganisha atachoka. Ngojea mwaka wa 4.

Mwalimu_Katuba
Aksanti sana. Kwa watoto 62, nichape vichwa vingi nakala moja moja, au vichache nakala nyingi? Na maandishi niyaweke ukubwa gani?

Mama_wa_Maktaba
Vichache, nakala nyingi. Vichwa 13, nakala 5 kila kimoja: ni 65, kila mtoto anashika chake, na tatu zinabaki za kubadilishia zitakazochanika. Vikundi ni 13: kumi vya watano, vitatu vya wanne. Kila kikundi kinakaa na kichwa kimoja wiki nzima, dakika 20 kwa siku. Nakala moja moja zinaleta ugomvi na huwezi kuuliza swali moja kwa wote. Gawa hivi: vichwa 3 vya kiwango cha 1, vichwa 7 vya cha 2, vichwa 3 vya cha 3.

Maandishi: usiende chini ya pointi 16 kwa mwaka wa 3. Ukiandika upya, tumia herufi za kompyuta ziitwazo Andika, zilitengenezwa na shirika la lugha SIL kwa wanaojifunza kusoma; a yake ni kama ile ya ubaoni. Usikate neno mwishoni mwa mstari. « Wanapoku- » juu na « ja » chini linampoteza hata anayesoma vizuri.

Papa_Fotokopi
Na kuhifadhi: sanduku la bati, juu ya matofali, mbali na ukuta. Mchwa wa Katanga wanaujenga mji wao hata ndani ya kalasi, na wanapandia ukutani. Vitabu vya kununua vilivyobandikwa kwa gundi vishone kabla havijaanza kuachia: matundu kwa msumari, milimita 5 toka mgongoni, kila sentimita 3. Ukikaribia zaidi karatasi inachanika, ukienda mbali kitabu hakifunguki.