Maharagwe hayaivi na wageni wanakuja Jumapili: naomba ushauri kuhusu supu ya maharagwe na mifupa

Baharia Mstaafu
Wanajukwaa, salaam. Ninaishi Bondeni, Mombasa, katika chumba cha kupanga, na Jumapili hii nitawakaribisha wenzangu wawili niliofanya nao kazi melini. Nimewaahidi supu nzito ya maharagwe, ile inayokaa motoni kutwa nzima mpaka punje zianze kupasuka na mchuzi uwe mzito wenyewe bila kutiwa unga. Maharagwe nimenunua Kongowea, ni yale mekundu makubwa, na nyama yake ninayo tayari. Tatizo ni kwamba nilipochemsha kidogo kwa kujaribu, yalikaa motoni tangu alasiri hadi baada ya isha, na bado kila punje ilikuwa na moyo mgumu. Nilitia nyanya, kitunguu na maji ya ndimu tangu mwanzo ili ladha iingie, na maji niliyotumia ni ya kisima cha hapa nyumbani, kwa kuwa mfereji ulikuwa mkavu. Naomba mnieleze nifanye nini, kwani wageni hawa ni watani wakubwa na wataniimba hadi bandarini.

Bi Mkunazi
Mwanangu, mtu kukaa Mombasa kisha akajitia katika taabu ya supu ya kutwa nzima, ilhali mbaazi zimejaa Marikiti, ni jambo la kunishangaza. Roweka mbaazi usiku, zichemshe mpaka ziive, zitie tui jepesi pamoja na kitunguu na pilipili mbichi, kisha umalizie na tui zito huku ukikoroga polepole lisikatike. Wape wageni na mahamri ya moto, nao watakuombea dua.

Fundi wa Gesi
Nunua sufuria ya presha. Mimi nilikuwa nikimaliza makaa ya wiki kwa ajili ya githeri peke yake, lakini tangu niipate, maharagwe yaliyorowekwa huiva kabla sijamaliza kukata vitunguu na kuosha vyombo. Mama mkwe alipoisikia ikipiga mluzi kwa mara ya kwanza alitoka jikoni mbio hadi barazani, na hadi leo hakubali kuingia humo mpaka nimeizima.

Mwalimu wa Kemia
Ndugu Baharia, wenzangu wamekupa mapishi mengine na vyombo vingine, lakini swali lako lilikuwa kwa nini maharagwe hayaivi, na umelijibu nusu wewe mwenyewe bila kujua. Kwanza ni ndimu na nyanya. Asidi huimarisha pektini inayozishikilia seli za punje, kwa hiyo vitu vichachu, pamoja na ukwaju kama una mpango nao, hutiwa baada ya maharagwe kulainika kabisa. Pili ni maji ya kisima. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi na magumu, nayo kalsiamu iliyomo hujifunga kwenye pektini ileile na kuifanya ngumu zaidi. Tumia maji ya mfereji au ya kununua, angalau kwa kuchemshia. Tatu ni umri wa maharagwe na mahali yalipokaa, kwani yakihifadhiwa kwa miezi mingi penye joto na unyevu hupatwa na ugumu usioondoka hata ukichemsha usiku kucha, na sijui ghala gani la pwani lisilo na joto na unyevu. Uliza mzigo umefika lini kutoka bara, na uyakatae yaliyofifia rangi na kukunjamana ganda.

Ukishindwa kupata mapya, tia magadi kidogo, robo ya kijiko cha chai kwa nusu kilo, usizidishe, maana supu itakuwa na ladha ya sabuni na vitamini B1 itaharibika.

Kuna jambo ambalo si la ladha bali la usalama. Maharagwe mekundu makubwa yana sumu ya asili iitwayo lektini, na kuyapika kwa moto mdogo tangu mwanzo hakuiondoi. Moto usiofikia kiwango cha kuchemka unaweza hata kuizidisha. Yaroweke kwa muda usiopungua saa 5, umwage maji hayo, kisha uyachemshe kwa moto mkali, yatokote kwelikweli, kwa nusu saa, na hapo ndipo upunguze makaa na kuanza huko kutwa nzima unakokutaka. Anayekula yaliyoiva nusu hutapika na kuharisha ndani ya saa chache, na natumaini zile ulizojaribu hukuzila.

Sasa nami nikuulize: hiyo nyama uliyonayo ni nyama gani? Kiasi cha chumvi kinategemea hilo.

Baharia Mstaafu
Mwalimu, nashukuru sana. Nilionja punje chache tu na sikudhurika. Nyama ni ya kawaida, ina mfupa na imetiwa chumvi.

Mama Watatu
Nyama ya kawaida haiuzwi ikiwa imetiwa chumvi, kaka. Kama ni papa mkavu au ng'onda, sema ni samaki. Kama ni ng'ombe, nani kakuuzia?

Baharia Mstaafu
Dada, sioni kwa nini jambo hili linahojiwa kama niko forodhani. Ni mguu wa nguruwe, sehemu ya chini ya paja, uliotiwa chumvi na kufukizwa moshi. Niliununua katika duka la nyama huko Nyali kwa fedha zangu, dini yangu hainikatazi, na wageni wangu wote wawili wanakula. Supu hii tulikuwa tukiipika melini, na nahodha wetu, Mmarekani, alikuwa akituambia kwamba hata maseneta wa nchi yake huinywa. Nilitaka tu kujua habari ya maharagwe.

Mpishi wa Nyali
Nahodha hakukudanganya. Mkahawa wa Seneti ya Marekani huko Washington huiweka supu hiyo kwenye orodha yake kila siku, na desturi hiyo ni ya tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Wapo wanaosema iliombwa na Seneta Fred Dubois wa Idaho, na wapo wanaosema ni Knute Nelson wa Minnesota. Inayohusishwa na Dubois hutiwa pia viazi vilivyopondwa. Mwaka 1943, wakati wa mgao wa vita, jiko lile liliwahi kupungukiwa na maharagwe na supu ikakosekana. Wao hutumia maharagwe madogo meupe, vifundo vya nguruwe na kitunguu, basi, wala hawana ndimu. Kwa hiyo kama Kongowea kuna meupe, chukua hayo, kwa kuwa sumu aliyoitaja Mwalimu ni kidogo zaidi humo, ingawa nayo lazima yachemshwe.

Kuhusu mguu wenyewe, uweke katika maji baridi usiku kucha, umwage, uuchemshe mara moja peke yake, umwage tena, kisha ndipo uuingize pamoja na maharagwe. Uzito unaoutafuta utatoka katika ngozi na kano, ambazo zikipikwa polepole hugeuka kuwa utomvu unaogandisha mchuzi ukipoa. Nyama ikianza kuachana na mfupa, itoe, uichambue, uirudishe, na uponde upawa mmoja wa maharagwe kwenye ukingo wa sufuria. Usitie chumvi kabisa mpaka mwisho uonje.

Kapera wa Mikindani
Mimi nilikuwa nimekuja kusoma habari za mbaazi za Bi Mkunazi, na sasa ninaona tumefika Washington. Naomba anayejua njia ya kurudi anielekeze, kwa sababu mahamri yanapoa.

Fundi wa Gesi
Mimi nimewahi kusikia kwamba chumvi yenyewe ndiyo hufanya maharagwe yawe magumu, kwa hiyo mguu wa chumvi haufai hata kidogo.

Mwalimu wa Kemia
Hiyo ni dhana ya jikoni isiyo na ukweli. Chumvi kidogo katika maji ya kurowekea hulainisha ganda, kwa sababu sodiamu huchukua nafasi ya kalsiamu. Anayegomba na maharagwe ni ndimu.

Mpekuzi
Nimeusoma uzi huu tangu mwanzo na ninaona kwamba umetungwa. Mtu aliyepika supu hii melini hakujua kwamba ndimu inazuia maharagwe kuiva? Tena anaishi katika chumba cha kupanga, amenunua mguu wa nguruwe kabla ya Jumapili, na katika joto hili la Mombasa haunuki. Umehifadhiwa wapi? Na chumba cha mpangaji kina sufuria gani ya kutosha mguu mzima? Kilichobaki ni kutaja kwamba mtaa ni Bondeni ili Waislamu na Wakristo waje kutukanana humu. Hadithi za namna hii hupikwa kwa moto mdogo kuliko hiyo supu.

Baharia Mstaafu
Bwana Mpekuzi, umenivunjia heshima. Sikuwahi kusema kwamba mimi nilikuwa mpishi. Nilikuwa mhudumu wa mezani, niliipokea supu dirishani na kuipeleka. Kuhusu uhifadhi, nyama iko katika friji, ndani ya mkebe wa biskuti wenye kifuniko kinachobana. Friji iko ukumbini na ni ya mwenye nyumba, ambaye aliniruhusu zamani kuweka vitu vyangu, nami huchangia umeme. Sufuria pia ni yake, ile kubwa ya shughuli, ameniazima kwa moyo safi. Sasa umeridhika kwamba si hadithi?

Mama Watatu
Mwenye nyumba ni Mwislamu?

Baharia Mstaafu
Ndiyo, lakini sufuria nitaisugua kwa majivu na maji ya moto mpaka ing'ae kuliko nilivyoipokea. Sijaitia nyama bado, imerowekewa maharagwe tu. Bibi huyu ni mtu mzima na mwenye pirika nyingi, sioni haja ya kumsumbua kwa jambo lisilomgusa.

Bi Mkunazi
Halimgusi vipi, mwanangu, na sufuria ni yake? Sufuria ya shughuli haikai kwa mtu mmoja. Leo imekwenda harusini, kesho hitimani, keshokutwa maulidini, na mtaa mzima unakula humo ukiwa na imani na mwenyewe. Majivu yako hayatoshi. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu katika pwani hii, chombo kilichoingia nguruwe huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo ni kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Hilo ni juu yake kuamua kulifanya au kukitupa chombo, na ataamua vipi iwapo hajui? Mimi sikukatazi kula chako. Nakukataza kumlisha mtu asichokiridhia kwa sababu tu ana pirika.

Kapera wa Mikindani
Mimi nina swali dogo kuliko hayo. Je, katika nyumba hiyo kuna watoto?

Baharia Mstaafu
Wapo wajukuu wake. Swali hilo linahusiana vipi na supu?

Kapera wa Mikindani
Umeweka mkebe wa biskuti katika friji ya nyumba yenye watoto, bwana. Ninashangaa kwamba bado tunajadili magadi.

Mama Watatu
Kapera leo amesema neno. Kaka, itoe nyama hiyo sasa hivi, hata kabla ya kujibu hapa. Kama hutaki kupoteza fedha yako, hao wageni wawili si wana nyumba? Pika kwa mmoja wao. Au mguu mpe mwenye kula, nawe upike makongoro ya ng'ombe, ambayo yana utomvu uleule. Moshi utaukosa kidogo, lakini utapika katika sufuria hiyohiyo na bibi mwenyewe utampelekea bakuli.

Mpishi wa Nyali
Makongoro ni badala nzuri sana, na yanahitaji muda uleule. Tia bizari nzima na pilipili manga, na nyanya iingie mwishoni.

Baharia Mstaafu
Makongoro nimewahi kula maisha yangu yote, siwezi kuwaita watu wa melini kuja kunywa makongoro. Tena si desturi mwenyeji kwenda kupika kwa mgeni wake.

Bi Mkunazi
Na ni desturi ya nani kuficha kitu katika friji ya mwenye nyumba?

Baharia Mstaafu
Nimerudi. Nimeupeleka mkebe Changamwe kwa mmoja wa wageni, ambaye ana ua, jiko la makaa na sufuria yake mwenyewe, na tumekubaliana kwamba nitafika huko alfajiri ya Jumapili. Amecheka sana, lakini hayo ni yake. Sufuria ya bibi nimeirudisha ikiwa safi. Ninachoomba sasa ni kujua kuhusu maharagwe niliyokwisha kuyaroweka, kwa sababu leo ni Ijumaa na nimeyahamishia kwenye ndoo yangu yakiwa na maji yake. Yatafika Jumapili?

Mwalimu wa Kemia
Hayatafika. Kwa joto la hapa, ukiyaacha majini hadi kesho yatatoa povu na kuchacha. Yamwage maji leo, yachemshe kwa moto mkali nusu saa kama nilivyosema, endelea kuyapika mpaka yalainike, uyale mwenyewe na wali. Kwa ajili ya wageni nunua mengine yaliyoingia karibuni, uyaroweke Jumamosi usiku hukohuko Changamwe, kwa maji yasiyo ya kisima.

Bi Mkunazi
Haya, maharagwe yamepata jibu lake. Na bibi umemwambia kuhusu friji?

Mpekuzi
Mimi ninaondoa shutuma yangu. Mtunzi wa hadithi angekuwa amekwisha kulijibu swali hilo.